Homa ya Bonde la Ufa: Kwa nini idadi ya wagonjwa haitoshi kufungua soko la mifugo

Homa ya Bonde la Ufa ikitangazwa, soko la mifugo hufungwa mara moja. Kulifungua tena huchukua miezi, na wakati mwingine miaka. Kinachochelewesha ni swali moja ambalo mnunuzi wa nje huuliza: virusi vimeenea kiasi gani nchini?

Idadi ya wagonjwa hailijibu. Kati ya Novemba 30, 2006 na Machi 12, 2007, Kenya iliripoti wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki. Kwa hesabu hiyo ugonjwa unaua karibu watu 23 kati ya kila 100. Lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwa ujumla vifo havifiki mtu 1 kati ya 100.

Tofauti inatokana na nani anahesabiwa. Wanaofika hospitali na kupimwa ni wale waliozidiwa. Wengi hupata homa na maumivu ya mwili, hudhani ni malaria, na hupona nyumbani bila kuandikwa popote.

Kupima damu ya wasiougua

Njia ya uhakika zaidi ni kuchagua watu bila kujali kama wameugua, kisha kutafuta kingamwili katika damu yao. Kingamwili aina ya IgM huonyesha maambukizi ya karibuni. IgG hubaki kwa miaka na huonyesha ya zamani.

Garissa ndiyo mfano mzuri. Desemba 1997, baada ya mafuriko, viliripotiwa vifo 170 vya homa ya kutokwa damu. Watafiti walipima watu 171 wilayani humo na 31 wakakutwa na IgM. Baada ya kurekebisha hesabu kulingana na umri wa wakazi, walikadiria kuwa asilimia 14 waliambukizwa, yaani watu wapatao 27,500.

Kwa mifugo hesabu ina mtego wake. Mnyama aliyechanjwa naye huwa na kingamwili, hivyo bila kumbukumbu za chanjo vipimo haviwezi kusomeka vizuri. Ndiyo maana wataalamu hufuatilia wanyama wachanga wasiochanjwa, walioacha kunyonya kitambo. Wakikutwa na kingamwili, virusi bado vinazunguka.

Gharama ya kutojua

Septemba 2000, ugonjwa ulipozuka Saudi Arabia na Yemen, ikiwa mara ya kwanza nje ya Afrika, Saudi Arabia ilizuia mifugo kutoka Pembe ya Afrika. Kwa Somalia, marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2009, baada ya karantini na upimaji wa damu kuanzishwa katika bandari ya Berbera.

Somo la kibiashara ni wazi. Nchi isiyo na takwimu huchukuliwa kana kwamba yote imeambukizwa, na mfugaji wa wilaya salama hufungiwa soko pamoja na wa wilaya yenye ugonjwa. Takwimu za kila eneo humwezesha mnunuzi kutenganisha.

Takwimu hizo huanzia zizini. Kondoo wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja baada ya mvua kubwa, hiyo ni dalili ya mapema. Mfugaji anayeficha habari kwa kuogopa karantini huenda akauza wiki hiyo, lakini anahatarisha biashara ya msimu mzima.