Miguu Peku Paris

Matokeo ya mbio zile nimeshayazoea. Viatu ndivyo vinavyonisumbua.

Agosti 10, 2024, Tamirat Tola wa Ethiopia alitwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki ya Paris kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 26. Nyuma yake kabisa, baada ya kilomita ya 30, Eliud Kipchoge wa Kenya alikuwa ameshaacha kukimbia. Alikuwa anagawa vitu. Fulana ikaenda, namba ya kifuani ikaenda, viatu vikaenda, hata soksi.

Alipofika mbele ya waandishi alieleza mwenyewe, kwa utulivu. Mgongo ulianza kumuuma karibu na kilomita ya 20, akaamua kutomaliza. Akatembea kama kilomita mbili, watu wapatao 300 wakiandamana naye. Ndiyo maana, akasema, sina fulana, sina soksi, sina viatu, sina namba.

Kauli hiyo nimeirudia mara nyingi. Mtu amejifungia kambini Kaptagat chini ya kocha wake, Patrick Sang, akiamka gizani miezi na miezi kwa ajili ya asubuhi moja. Alikuwa anatafuta dhahabu ya tatu mfululizo, kitu ambacho hakuna mwanamume aliyewahi kukipata katika marathoni ya Olimpiki. Mwili ukakataa. Akiulizwa, anataja vitu alivyowapa watu.

Hakujificha pia. Alisema hiyo ndiyo marathoni yake mbaya kuliko zote, kwamba hajawahi kuishia njiani. Akajifananisha na bondia: ameshaangushwa chini, ameshashinda, ameshakuwa wa pili, wa nane, wa kumi, na sasa hakumaliza. Ndiyo maisha, akasema.

Kati ya kilomita ya 20 na pale aliposimama kuna njia ndefu, na ndani yake kuna mlima mkali wa kurudi kutoka Versailles, unaowatesa hata wenye migongo mizima. Aliupanda akijiambia nini? Uamuzi ulikuja lini, chini ya mlima au juu? Na vile viatu, alivitoa kwa shukrani, au hakutaka kurudi navyo nyumbani?

Sisi wa Afrika Mashariki tumelelewa na hadithi ya John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeanguka katika marathoni ya Mexico mwaka 1968 na kufika uwanjani akichechemea, goti limefungwa bendeji, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Ni hadithi nzuri na naipenda. Lakini nilipokuwa naitafuta tena ndipo nilipokumbuka walioanza naye wakaishia njiani siku ile. Mmoja wao ni Abebe Bikila.

Bikila! Bingwa wa Roma 1960, aliyekimbia miguu peku, na wa Tokyo 1964. Naye Mexico alikuwa anatafuta ya tatu mfululizo. Mguu wake ulikuwa na ufa kwenye mfupa, akatoka kabla ya kilomita ya 20. Mwethiopia mwenzake, Mamo Wolde, akashinda. Kwa hiyo wakimbiaji wawili wakubwa wa bara hili wamekwama mlango uleule, mmoja akiwa ameanza umaarufu wake bila viatu, mwingine akiondoka bila viatu. Watoto wetu tunawasimulia Akhwari. Bikila wa Mexico hatumsimulii, kana kwamba kusimama ni aibu ya familia. Nadhani tunawanyima kitu. Mwenye ufa kwenye mfupa anahitaji ujasiri wa kutoka, na ujasiri huo hakuna anayeufundisha.

Na kuna ambaye hakuanza kabisa: sijamaliza kumfikiria Sisay Lemma. Alikuwa kwenye timu ya Ethiopia ya Paris, bingwa wa Boston mwaka uleule. Aliumia kabla ya michezo, nafasi yake ikachukuliwa na mchezaji wa akiba. Huyo wa akiba alikuwa Tola. Mbio za Lemma ziliisha kabla hata ya kufunga kamba za viatu, na hakukuwa na watu 300 wa kutembea naye. Alitazama wapi siku ile?

Kipchoge alirudi barabarani London, Aprili 27, 2025. Alimaliza wa sita, kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 25.