Jalidi na Miche Yako

Ndugu msomaji unayekaa Njombe, Makete au nyanda nyingine za juu, unaijua asubuhi ile ya Juni au Julai: umande umeganda juu ya majani, mweupe kama chumvi, na jua likipanda miche ya nyanya inanyauka na kuwa myeusi kama iliyomwagiwa maji ya moto. Hiyo ndiyo jalidi, ambayo wengine huiita sakitu.

Hupiga usiku usio na mawingu wala upepo. Ardhi hupoteza joto lake upesi, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka ikatulia mabondeni. Basi kitalu usikiweke bondeni, ijapokuwa maji yako karibu. Kipandishe kidogo mtelemkoni. (Najua, mchota maji hatalifurahia neno hili.)

Ukiona mbingu safi jioni, funika miche kabla jua halijazama, udongo ungali na joto. Jenga kichanja kifupi, utandike nyasi au magunia yafike mpaka chini. Nailoni isiguse majani, maana inapogusa ndipo yanapoungua. Asubuhi baridi ikiisha, funua. Tena udongo mkavu hautunzi joto, mwagilia mchana.

Kabichi na vitunguu huvumilia. Hangaikia nyanya, maharagwe na viazi.

Na viazi vikiungua usikimbilie kung'oa. Shina lililo chini ya udongo mara nyingi ni zima. Ngoja wiki mbili. Ukiona machipukizi, palilia na kuvirundikia udongo. Mavuno yatapungua, lakini huenda ukapata mbegu ya mwaka ujao.