Na wateja wote

Karatasi yenyewe imechanwa kwenye daftari la kaunta, ikakunjwa mara nne, na mikunjo imeanza kuachia. Niliisomea barazani Vudee, kwenye milima ya Upare, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, makande yakitokota jikoni. Nilipanda mlima kwa ajili ya msiba wa jamaa, si kwa kazi. Lakini dada mmoja wa miaka arobaini na kitu, aliyekuja nyumbani mwisho wa mwaka, alisikia naitwa mwandishi. Akaingia ndani, akatoka nayo.

"Hebu soma mstari wa saba, mdogo wangu."

Ni orodha ya mali. Kabati la chipsi la vioo, 1. Majiko ya mkaa, 2. Karai kubwa, 2. Friji, 1. Meza za plastiki, 3. Viti, 14. Wateja wote. Kisha orodha inaendelea kama hakuna kilichotokea: ndoo, 4; chujio, 1; taa ya kabati, 1. Mwandiko ni uleule, wino uleule. Katika safu ya idadi, palipoandikwa 14 kwa viti, mbele ya wateja pamepigwa kistari. Chini kuna sahihi mbili, dole gumba la shahidi, na muhuri wa serikali ya mtaa ulioangukia nusu juu ya maneno.

Nimeshaona mikataba mingi ya kuuziana vitu. Sijawahi kuona watu wakikabidhiwa baina ya viti na ndoo.

Kwa miaka mingi dada huyu alikuwa mama lishe huko Same mjini, akipikia abiria. "Nilichoka kumpikia mtu huku anachungulia basi lake. Nikataka mlaji anayekaa, au anayesema nifungie, akaenda kula ufukweni na watoto." Akasikia kuna kibanda cha chipsi na samaki kinauzwa Bagamoyo. Bagamoyo haihitaji kuelezwa: magofu ya Kaole, soko la samaki, watalii, mabasi ya wanafunzi wa ziara, watu wa Dar es Salaam Jumamosi na Jumapili, na vijana wa chuo cha sanaa, TaSUBa, ambao njaa yao haina msimu.

Fremu haikuwa ya muuzaji, alipanga. Leseni ilikuwa na jina la muuzaji, hivyo mnunuzi alilazimika kukata ya kwake. Vyombo, kwa hesabu yake mwenyewe, angevipata vipya kwa chini ya nusu ya fedha alizotoa. Zilizobaki zote zilikuwa kilemba. Kiasi aliniomba nisikiandike, maana mumewe bado anakijua kwa bei nyingine.

Neno hili kilemba lina safari ndefu. Mwanafunzi akihitimu ufundi alimpa fundi wake kilemba. Baba wa bibi harusi naye ana chake. Siku hizi, nenda Kariakoo, ni fedha unayompa mtu akupishe mahali. Lakini kile cha zamani kilikuwa shukrani kwa kitu ulichokwisha kupewa. Hiki cha leo unakitoa kwanza, halafu ndiyo unaanza kutafuta ulichopewa.

"Nililiona duka sikukuu ya Idi," anasema. "Foleni mpaka barabarani. Nikakaa pale siku tatu nahesabu sahani, nikajiona mjanja. Sikuliona Aprili. Mvua za masika, mdogo wangu, unakaanga viazi unakula mwenyewe."

Hata hivyo masika hayakumwumiza sana. Kilichomwumiza ni sahani za bure. Kila jioni vijana wa bodaboda walikuja mmoja mmoja, wakachukua chipsi kavu na kipande cha samaki, wakaondoka bila kulipa wala kuomba, kama watoto wa nyumba. Akadhani muuzaji aliwadekeza. Wiki ya pili akawakatalia.

"Hawakugomba. Waliniambia tu, sawa mama. Ndani ya mwezi kibanda kikapoa. Ndipo mlinzi wa nyumba moja ya wageni akanionea huruma. Akanambia: mgeni akitoka getini akauliza wapi kuna samaki, anayemjibu ni bodaboda. Ile sahani ndiyo ilikuwa jibu."

Hapo akanyamaza, akaenda kukoroga makande. Aliporudi alinyoosha mkono upande wa ndiva. Kwa asiyezijua, ni mabwawa ya Wapare ya kukinga maji ya mto usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenye mifereji, kwa zamu. Maji ya Vudee yakishatumika huku juu, huko chini Bangalala kuna watu wanayasubiri.

"Hapa ukiuziwa shamba, la kwanza unauliza zamu ya maji. Inakuja na shamba au inabaki na mwenyewe? Hata mtoto anajua. Mimi binti wa hapahapa nikashuka pwani, nikanunua shamba, sikuuliza maji yanatoka wapi. Nimetoa kilemba cha hariri, nikavikwa cha ukoka."

Nilimuuliza kama muuzaji alimdanganya. Wapare tunasemwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na nilitegemea aniambie ameshafungua shauri. Akacheka. Aende akamshitaki kwa lipi? Wateja walikuwepo. Alikabidhiwa. Wiki nzima muuzaji alisimama naye kwenye karai, akamfundisha ukali wa pilipili na unene wa ukwaju. Sahani za bure alizitoa mbele ya macho yake kila jioni. "Labda hakuficha. Labda naye hakujua kama ile ni biashara. Aliona ni utu."

Alizirudisha zile sahani. Wengine walirudi, wengine walikwishazoea kwingine. Sasa magoti yanamsumbua na anataka kuuza. Januari kuna mtu anakuja kukiona kibanda. Januari, si masika. Hilo nalo nililiona, nikanyamaza.

Orodha mpya ameshaianza kwenye daftari la mwanawe. Kabati la vioo, 1. Majiko, 2. Karai, 3, maana aliongeza moja. Friji, meza, viti 11. Mstari wa saba ameuacha wazi, kisha akaandika ndoo.