Wavuti na Intaneti: Kweli au Si Kweli?

Wavuti ndiyo intaneti. Si kweli, na kosa hili ndilo linalozaa mengine. Intaneti ni nyaya, mitambo na kanuni zinazowezesha kompyuta za dunia nzima kupelekeana data. Wavuti ni huduma mojawapo inayopita humo: kurasa zilizounganishwa kwa viungo na kufunguliwa kwa kivinjari. Ukimpigia mama simu ya WhatsApp, umetumia intaneti bila kugusa wavuti. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya Bahari ya Hindi, ujumbe, barua pepe na tovuti vilizorota kwa pamoja Afrika Mashariki, maana kilichoumia ni njia yenyewe. Tovuti moja ikigoma huku WhatsApp inapiga kazi, usiilaumu intaneti. Hitilafu huenda iko kwenye seva ya tovuti hiyo.

Zilizaliwa pamoja. Si kweli, zimepishana miaka 20 hivi. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi Charley Kline wa chuo kikuu cha UCLA alijaribu kuandika neno LOGIN lifike kwenye kompyuta ya Stanford Research Institute. Zilifika herufi mbili, L na O, kisha mfumo ukazima. Mtandao huo, chimbuko la intaneti, uliitwa ARPANET. Barua pepe ilianza kupita humo mwaka 1971, na tarehe 1 Januari 1983 ukahamia kanuni za TCP/IP, ambazo intaneti inazitumia hadi leo.

ARPANET ilijengwa ili ihimili bomu la nyuklia. Si kweli, ingawa fedha zilitoka Pentagon na mtaalamu Paul Baran alikuwa ameliwazia jambo hilo kwingine. Bob Taylor, aliyeuanzisha mradi, alikuwa ofisini na vifaa vitatu vya kuingilia kompyuta za mbali, kila kimoja kwa kompyuta yake na amri zake. Alitaka kimoja kitakachofika kote.

Wavuti ni kazi ya Wamarekani. Si kweli. Ni ya Mwingereza, Tim Berners-Lee, akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva. Huko wanasayansi walikuja na kuondoka kwa maelfu, na kumbukumbu zao zikabaki kwenye kompyuta zisizoelewana. Machi 1989 aliandika pendekezo. Mkuu wake, Mike Sendall, akaandika juu yake kwamba halijakaa wazi ila linasisimua. Kufikia mwisho wa 1990 Berners-Lee alikuwa na lugha ya HTML, kivinjari na seva ya kwanza, vyote ndani ya kompyuta moja ya NeXT. Aliibandika karatasi yenye wino mwekundu: hii ni seva, msiizime! Mbelgiji Robert Cailliau alimsaidia kuupigania mradi.

Wavuti ilishinda kwa ubora wake tu. Hapa nasema si kweli kwa moyo wote. Gopher, huduma nyingine ya intaneti iliyotoka Chuo Kikuu cha Minnesota, ilikuwa ikipendwa kuliko wavuti, hadi chuo kilipotangaza mapema 1993 kwamba baadhi ya watumiaji wa seva zake watalipia leseni. Watu wakaingiwa na hofu. Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo CERN ikaachilia programu za wavuti ziwe mali ya umma. Ndiyo maana mwalimu wa Kigoma anayeifungulia shule yake tovuti hulipia jina na seva, lakini hailipi CERN hata senti.