Mrututu: Dawa ya Kahawa Iliyotoka Shamba la Mvinyo

Je, wajua kwamba mkulima wa Mpuguso, Rungwe, anayebeba bomba mgongoni na kupulizia kahawa yake dawa ya shaba, kuikinga na chulebuni na kutu ya majani, anatumia maarifa yaliyopatikana kwenye mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa?

Mvinyo mwekundu wa Médoc, kaskazini mwa Bordeaux, hutegemea zaidi zabibu aina ya Cabernet Sauvignon. Punje zake ni ndogo, ganda ni nene, nayo hukawia kuiva. Changarawe ya Médoc, inayopitisha maji upesi na kutunza joto, huifaa sana. Huchanganywa na Merlot, inayowahi kuiva. 

Lakini mwaka 1878 ugonjwa wa mizabibu uitwao ubwiri vinyoya, wenye asili ya Marekani, ulionekana Ufaransa. Majani yalipukutika, zabibu zikakosa sukari. Mwaka 1882, Pierre-Marie-Alexis Millardet, profesa wa mimea, alipita Saint-Julien, huko Médoc, akaona mizabibu ya kandokando ya barabara bado ina majani. Wenye mashamba walikuwa wameipaka mrututu, yaani chumvi ya shaba, pamoja na chokaa ili wapita njia waogope kuchuma. Millardet na mkemia Ulysse Gayon walilifanyia jambo hilo majaribio, na mwaka 1885 matokeo yakatangazwa.

Shaba huua mbegu za ugonjwa kabla hazijapenya jani. Chokaa huzuia mrututu usiliunguze. Ugonjwa ukishaingia ndani, dawa haiponyi. Ndiyo maana kuwahi ni muhimu mno huku Rungwe, ambako mvua ya mwaka katika sehemu nyingi huzidi milimita 2,000, zaidi ya maradufu ya ile ya Bordeaux, na matone huosha dawa majanini.

Inapooshwa, shaba huangukia udongoni, na haiozi. Mashamba makongwe ya Bordeaux yamelimbikiza shaba nyingi inayodhuru minyoo ya ardhini, na sasa Umoja wa Ulaya unaruhusu kilo 28 tu kwa hekta katika miaka 7. Udongo wetu wa volkano, unaolisha migomba, chai na parachichi, unastahili uangalifu huohuo. Kwangu, njia bora ni miche ya kahawa ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa nchini, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani bila kutegemea bomba kila mvua inapokatika.