Kasi ya Risasi Haipimwi kwa Jicho

Na Mwandishi Wetu

MAMA aendaye sokoni kununua nyama huitazama mizani kabla ya kuitazama nyama. Anajua kwamba mizani ikipunja kidogo tu, hasara ni yake na ya watoto wake.

Huko Uingereza wako wazazi wanaohitaji mizani ya namna nyingine: chombo cha kupimia kasi ya risasi, kiitwacho kronografu. Wazazi hao hucheza mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki za hewa, mara nyingi pamoja na watoto wao. Kwao, chombo kinachopunja hakileti hasara ya fedha peke yake. Chaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Sheria ya huko haiipimi bunduki ya hewa kwa umbo wala kwa bei, bali kwa nguvu ya risasi inapotoka mtutuni. Tangu kanuni za mwaka 1969, mpaka uliowekwa Uingereza na Wales kwa bunduki ndefu ni futi-paundi 12, yaani juli 16.27. Isiyovuka mpaka huo yaweza kumilikiwa bila cheti na mtu aliyetimiza miaka 18, asiye na kizuizi cha kisheria. Inayovuka huhitaji cheti cha silaha, na kuwa nayo bila cheti ni kosa la jinai. Scotland imekwenda mbali zaidi: tangu Desemba 31, 2016, hata ile isiyovuka mpaka huhitaji cheti.

Tatizo ni kwamba nguvu hiyo haionekani kwa macho. Springi mpya, au mafuta yaliyopenya katika chumba cha hewa na kuwaka kwa joto la mgandamizo, yaweza kuongeza kasi bila mwenye bunduki kutambua. Na kutojua si kinga.

HESABU YA MPAKANI

Tuchukue risasi ndogo yenye uzito wa gramu 0.547. Ikitoka kwa kasi ya meta 240 kwa sekunde, nguvu yake ni juli 15.75, nayo imo ndani ya sheria. Ikitoka kwa meta 250, nguvu ni juli 17.09, mpaka umevukwa. Katika hesabu hii kasi huzidishwa kwa kasi yenyewe, kwa hiyo kosa la asilimia moja katika kasi huzaa kosa la asilimia mbili hivi katika nguvu.

Sasa kronografu ikisoma meta 243, mwenye bunduki atalala usingizi, kwani hizo ni juli 16.15. Lakini ikiwa inapunja kwa asilimia moja tu, kasi ya kweli imepita meta 245, naye yu katika kosa.

AINA TATU

Kazi hii si ngeni. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza jinsi ya kuipima kasi kwa kupiga risasi kwenye pendulamu nzito na kutazama imesukumwa umbali gani. Siku hizi ziko njia nyepesi zaidi.

Ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni ya bei nafuu, ina macho mawili ya umeme. Risasi hupita juu ya jicho moja, kisha la pili, na chombo huhesabu muda uliopita katikati. Macho yakiachana sentimeta 30, risasi ya meta 240 kwa sekunde hutumia sehemu 1,250 tu za milioni ya sekunde. Macho yakisogea milimeta tatu, kosa la asilimia moja limekwisha kuingia. Tena mwanga wa jua au wa taa za mirija waweza kuyadanganya. Heri yale yenye mwanga wake yenyewe.

Ya pili hufungwa mdomoni mwa mtutu. Ni ndogo na haisumbuliwi na jua, lakini si kila mtutu unaoipokea, na uzito wake waweza kuhamisha mahali risasi inapopiga. Ya tatu ni rada, ambayo huwekwa kando ya bunduki na kuifuata risasi kwa mawimbi. Haina hatari ya kupigwa risasi, ila bei yake ni kubwa, na mnunuzi hana budi kuhakikisha kwamba yaweza kuiona risasi ndogo ya bunduki ya hewa.

KABLA YA KULIPA

Basi mnunuzi aulize mambo matatu: Kosa la chombo ni asilimia ngapi? Kitatumika ndani ya nyumba au juani? Je, klabuni kipo kingine cha kukilinganisha nacho? Akishanunua, apige risasi kumi za kila aina anayoitumia, nzito na nyepesi, kwa kuwa nguvu hubadilika kwa uzito. Asiridhike na wastani. Aitazame iliyo kubwa kuliko zote. Na akiukaribia mpaka, apunguze nguvu, asitegemee bahati.

Wakati wa kupima, nyuma ya chombo pawe na kizuizi imara cha risasi, na mtoto asiachwe peke yake na bunduki. Sheria ya huko yenyewe yataka aliye chini ya miaka 14 asimamiwe na mtu wa miaka 21 au zaidi.

Mama wa sokoni anaifahamu siri hii siku nyingi: mizani hupimwa kwanza, ndipo nyama ipimwe.