Dayari ya Pete ya Chama: Isafishe, Itunze, Usipoteze Hesabu

Tuseme wewe ndiwe mweka hazina wa chama hapo Kiganjo, Thika. Mwanachama mmoja anasema alituma mchango wake wa Aprili, shilingi 2,000. Simu uliyokuwa nayo wakati huo iliibwa, meseji zikaenda nayo. Unafungua dayari yako ya pete, na ukurasa wa Aprili hauko. Umechomoka kwa sababu pete moja haifungi vizuri. Sasa nani ataaminiwa?

Wengi wetu tunalipa kwa simu lakini hesabu bado tunaandika kwa mkono: michango, madeni ya duka, kodi ya nyumba. Hiyo ni sawa. Ila dayari ya kila siku hushika vumbi jekundu wakati wa kiangazi, na unyevu mvua ya Machi hadi Mei ikinyesha. Tenga dakika chache kila mwezi ufanye hivi:

1. Toa karatasi zote. Kama dayari ina vibonyezo vya juu na chini, vibonyeze vyote viwili kwa pamoja. Usivute pete kwa vidole, zitapinda.

2. Safisha jalada. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Jalada la plastiki lipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni. La ngozi lisilowe: tumia kitambaa kilichokamuliwa sana, kisha ulianike kivulini. Usitumie mafuta ya taa wala dawa ya kung'arisha nguo nyeupe.

3. Kagua pete. Zifunge, uziangalie zikielekea mwangaza. Ukiona mwanya, karatasi zitatoka moja moja bila wewe kujua. Badilisha dayari mapema. Kutu kidogo iondoe kwa waya laini ya kusugulia sufuria, kisha upake tone la mafuta ya cherehani na ufute yote, yasije yakachafua karatasi.

4. Ziba matundu yaliyoraruka. Bandika selotepu pande zote mbili, utoboe upya. Usijaze karatasi kupita kiasi. Pete zikibanwa ndipo matundu huraruka.

5. Linda risiti. Risiti nyingi za supamaketi na za mashine za kadi huchapishwa kwa joto, si kwa wino. Jua, joto na hata mifuko fulani ya plastiki hufanya maandishi yafifie mpaka karatasi ibaki nyeupe. Piga picha au nakili siku hiyo hiyo.

Andika nini, usiandike nini?

Kwa kila malipo andika tarehe, jina, kiasi, na kodi ya muamala iliyo kwenye meseji. Hiyo kodi ndiyo shahidi wako, kwa sababu jina na kiasi vinaweza kufanana, lakini kodi ni ya muamala mmoja tu.

Namba yako ya siri usiiandike kabisa, hata ukiificha kama namba ya simu ya shangazi. Anayeokota dayari mara nyingi huokota na simu.

Karatasi za zamani je? Kama unafanya biashara, sheria ya kodi ya Kenya inataka rekodi zikae miaka 5, kwa hivyo zifunge kwenye bahasha na uziweke mahali pakavu. Zisizohitajika tena zirarue vipande vidogo au uzichome. Zisiende kufungia njugu kibandani zikiwa na majina, namba za simu na za vitambulisho vya watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na wanachama wako walikuamini.

Mwisho, kila mwezi piga picha kurasa mpya, kisha uitishe taarifa ya akaunti yako kwenye menyu au programu ya simu na ulinganishe. Taarifa hiyo inafuata laini yako, si simu iliyoibwa. Ukirudisha laini, unaweza kuiitisha tena.

Basi yule wa Aprili akisimama kwenye mkutano, hamtagombana. Utafungua ukurasa, usome kodi, muangalie taarifa pamoja. Kama alituma, itaonekana. Kama hakutuma, pia itaonekana, na wewe utalala bila wasiwasi.